Ukitaka kusomea kamba, jifunze kuandika sifuri

Nilisomea viumbe wa baharini, nikaishia ziwani. Sisi wa Kilifi tuliokulia kwenye madema, mitego ya samaki, tulidhani kamba ni wa maji ya chumvi tu. Kumbe Ziwa Naivasha yupo kamba mwekundu wa Louisiana, aliyeletwa mwaka 1970 kwa ajili ya uvuvi, akageuka mkulima mbaya: alifyeka mimea ya chini ya maji, na yungiyungi za buluu nazo zikatoweka ziwani.

Mnaniuliza sana msome digrii gani. Zoolojia, uvuvi, sayansi ya bahari, zote zinafika. Mimi nasisitiza daftari.

Msimu wangu wa kwanza nilitega jioni kwa chambo cha vichwa vya samaki, asubuhi naopoa. Kila kamba nilimpima gamba, kuanzia ncha ya pua hadi ukingo wa nyuma, kisha nikamgeuza chali kutazama vijiguu vya kwanza chini ya mkia. Vya dume ni vigumu kama njiti. Nilijiona bingwa. Mtego mtupu niliutupa mashuani bila kuandika kitu. Msimamizi wangu alipopekua kurasa aliuliza neno moja: "Mitupu ilikuwa mingapi?"

Sikuwa na jibu. Kamba 200 ni wengi au wachache? Inategemea walitoka mitego 30 au 300. Miezi minne ikaenda na maji.

Na utupu wenyewe una aina zake. Mzee aliyekuwa akinipigia makasia ndiye aliyenifundisha: "Binti, chambo kikiwa kizima, hakuna aliyebisha hodi. Wavu ukitatuka, fisi maji kapita. Ukikuta mlango umefungwa vizuri kuliko ulivyoufunga wewe, huyo ni binadamu."

Mengine ni mafupi. Kausha viatu na nyavu kabla ya kwenda kwenye maji mengine, usije ukawa wewe ndiye unayesambaza kiumbe mgeni. Kamba hai asitoke ziwani na wewe, hata kwa maonyesho ya shule. Kiboko ana haki ya njia. Kandarasi nyingi ni za mwaka mmoja, kwa hiyo weka akiba.

Daftari la leo asubuhi lina mitego 20: sifuri 13, sita yenye kamba, na mmoja nimeuandikia "binadamu?"