Usiandike "mwanachama" kila unapokutana na felo

Ndugu unayeanza kazi ya kutafsiri na kuhariri wasifu wa wasomi, jihadhari na neno felo, yaani fellow la Kiingereza. Istilahi za fizikia utazikuta kwenye kamusi. Hili litakupita ukidhani umelielewa.

Mimi lilinipita. Mwaka wangu wa kwanza nilitafsiri wasifu wa mwanasayansi mzee, nikaandika kuwa ni "mwanachama" wa jumuiya fulani ya kisayansi. Akanirudishia karatasi, neno limezungushiwa duara, pembeni kaandika: "Sikujiunga. Nilichaguliwa." Niliona aibu, maana alikuwa na haki. Chukua Royal Society ya London, iliyoanzishwa 1660. Huwezi kuomba ukajiingiza mwenyewe. Felo waliomo ndio wanaopendekeza jina na kulipigia kura, na anayechaguliwa hubaki felo maisha yake yote. Wanawake wa kwanza, Kathleen Lonsdale na Marjory Stephenson, walichaguliwa 1945 tu. Neno "mwanachama" halibebi uzito huo hata kidogo. Siku hizi naandika "felo mteule", na herufi FRS (Fellow of the Royal Society) zilizo baada ya jina naziacha zilivyo.

Lakini usikimbilie kumwita kila felo mteule. Kijana aliyemaliza uzamivu juzi akapata fedha za kufanya utafiti kwa miaka 2 naye huitwa felo. Huyo ni mtafiti mwenye ufadhili. Ukimwandika mteule umempa sifa asiyoidai, na wenzake wataona ni yeye aliyejikweza.

Wapo pia felo wa koleji za Oxford na Cambridge. Hapa asili ya neno inasaidia. Limetokana na félagi la Kinorse cha kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, yaani mtu aliyeweka mali yake pamoja na wenzake. Fé ilikuwa mifugo, na kwa hiyo mali. Kwa Kiswahili tungesema mshirika. Maana hiyo bado iko hai katika koleji hizo: felo ndio wanaokaa pamoja kuamua mambo ya chuo chao, na wengi wao hufundisha hapohapo.

Kwa hiyo tazama kitenzi kilicho karibu. Penye "alichaguliwa" na jumuiya kama Royal Society, pana heshima ya kudumu. Penye "alipata" na idadi ya miaka, pana ufadhili. Pasipo na kitenzi, mwandikie mwenye wasifu umuulize kabla hujatuma kazi.