Kabla ya kuacha lami ya Magadi, mtafute mwenye nyasi

Hapana. Usifanye hivyo.

Umeandika hapa kundini kwamba wikendi ndefu ijayo unaongoza magari manane kutoka Nairobi, mnapitia Kiserian mnateremka Magadi, na mkishapita Olorgesailie mtaacha lami na kukata mbuga kuelekea magharibi kwa kufuata mstari ambao mtu amekutumia kwenye simu. Unauliza aina ya matairi, presha, mahali pa kujaza mafuta, na kama watoto wanaweza kulala hemani. Katikati ya hayo yote umepenyeza sentensi moja: "Kibali sidhani kinahitajika, jamaa aliyepita huko anasema ni ardhi wazi."

Hiyo sentensi ndiyo imenitoa kwenye chakula.

Kule hakuna ardhi wazi. Kutoona ukuta wala seng'enge hakumaanishi hakuna mwenyewe. Sehemu kubwa ya Kajiado, kaunti yenye Magadi, ilikuwa ranchi za vikundi, yaani ardhi ya wafugaji wengi kwa hati moja. Kuna zilizogawanywa, kila familia ikapata hati yake, na kuna ardhi ambayo bado ni ya jamii nzima. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inaitambua ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imeweka kamati ya kuisimamia, wajumbe 7 hadi 15 wanaochaguliwa na jamii yenyewe. Kwa hiyo popote utakapokanyaga, unakanyaga kwa mtu. Huyo jamaa yako ama hajui, ama anajua na hajali, na nimeshawaona wa aina zote mbili.

Mimi nilishapelekwa huko na mtu aliyesema maneno hayohayo. Ilikuwa Novemba 2019. Mnakumbuka zile mvua za vuli, mafuriko kila kona ya nchi. Tulikuwa msafara, na kiongozi wetu alikuwa mtu anayelipwa kuongoza watu: winchi mbele (mashine ya kuvutia gari kwa waya), redio ya mawasiliano, majeki ya kila aina, stika za kila safari aliyowahi kwenda zimejaa kioo cha nyuma. Mmoja wetu alipouliza kama tumezungumza na wenyeji, akajibu, "Hii ni ardhi ya serikali. Ng'ombe wanapita hapa kila siku, gari litaharibu nini?" Akaingiza gia, akaacha barabara, nasi nyuma yake.

Mbele kidogo tukakuta matawi ya miiba yamelazwa kwa mstari mrefu, kutoka mgunga mmoja hadi mwingine. Akashuka, akayavuta pembeni kwa mguu, akasema ni takataka za wachoma makaa. Ndani ya ule mstari nyasi zilikuwa ndefu kuliko nje. Mtu anayejua mbuga angesimama hapo hapo, maana nyasi hazirefuki upande mmoja wa miiba kwa bahati. Yeye akaona uwanja mzuri wa kupigia picha.

Juu udongo ulikuwa umekauka, rangi ya majivu, una nyufa. Chini yake, hata kina cha kiganja hakifiki, ulikuwa ule mweusi unaonata. Gari la kwanza likazama hadi ekseli. Redioni tukaambiwa tusifuate alama zake, kila dereva atafute njia yake mpya kushoto au kulia. Huo ndio ushauri mbaya kuliko wote niliowahi kusikia katika mchezo huu, na bado nausikia ukitolewa hadi leo. Badala ya jeraha moja pakawa na majeraha sambamba, kila gari limechora lake, na karibu yote yakazama mwisho wa mistari yao.

Halafu winchi. Akafunga waya wa chuma moja kwa moja kwenye mgunga, bila ule mkanda mpana wa kulinda gome, akavuta. Gome likachunika pande zote za shina. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome, kwa hiyo mti uliochunwa mzunguko mzima hufa, hata ukiendelea kuonekana wa kijani kwa muda. Mgunga ule ulikuwa umeota hapo kabla yetu sisi sote kuzaliwa. Gari lenyewe halikusogea.

Alikuja kwanza mama mmoja mzee, peke yake. Hakupiga kelele. Aliinama kwenye alama ya tairi, akang'oa shungi la nyasi lililolala kwenye tope, mizizi na yote, akatuonyesha. "Hii ni ya ndama," akasema. Basi.

Ndipo tukaelezwa. Pale palikuwa olopololi, malisho ambayo familia huyafungia kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu isiyoweza kutembea mbali na boma. Mvua ikinyesha hawaligusi. Ng'ombe wazima wanapelekwa kwingine, na zile nyasi zinaachwa zisimame hadi kiangazi kibane, kwa sababu ndama akikosa maziwa ya kutosha na akikosa nyasi karibu, hafiki mvua inayofuata. Yale matawi ya miiba ndiyo yalikuwa mlango.

Wazee walipofika tukaketi chini ya mti. Kiongozi wetu akatoa noti akataka kumpa kijana mmoja wa kimorani pembeni, eti amalize mambo. Mzee akamwambia kijana arudishe, na kikao kikaanza upya, sasa kwa hasira. Ilipoandikwa kwenye daftari ni nyasi kiasi gani zimeharibika, mti gani, nani alivuka miiba kwanza, yule bwana akakumbuka ana shughuli ya dharura Nairobi. Gari la kwanza kuvutwa na trekta lilikuwa lake, akaondoka nalo. Fidia tukalipa sisi tuliobaki. Tukalipa na trekta, lililotoka mbali na lililoongeza mitaro yake juu ya yetu. Hajawahi kupokea simu zangu. Wiki chache baadaye alikuwa anatangaza safari nyingine, na video ya magari yetu yakiruka tope ndiyo iliyokuwa tangazo.

Nilirudi pale baadaye kuwaona wale wazee, na hii ndiyo sehemu ninayotaka uisome mara mbili. Kwenye zile alama nyasi hazikuota. Tairi la gari zito likipita kwenye udongo mbichi linaufinya, nafasi za hewa zinafungwa, mbegu haipenyi na maji hayazami. Maji yasiyozama hukimbia, na alama ya tairi imeshayachongea njia iliyonyooka ya kukimbilia. Palipokuwa na mteremko kidogo, mistari miwili ilikuwa imeungana ikawa mfereji unaofika magotini, na kando zake zilikuwa zinaendelea kumeguka. Ng'ombe hafanyi hivyo. Kwato zake zinadonoa hapa na pale, zinavunja ukoko, zinaacha vishimo vinavyoshika maji na mbegu. Kundi kubwa likipita njia moja kila siku huharibu pia, wafugaji wanajua, ndiyo maana wanahamisha mifugo. Lakini gurudumu halinyanyui mguu. Linachora mstari usiokatika kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kisha mvua zikakata. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ikakosa mfululizo, na hali ya Kajiado mliiona wenyewe kwenye habari, mizoga kandokando ya barabara. Ng'ombe wakaletwa hadi mitaa ya Nairobi kutafuta nyasi za kando ya barabara. Sisemi magari yetu yalileta ukame. Nasema familia ile iliingia kwenye ukame mbaya kuliko wote waliokumbuka ikiwa na malisho pungufu ya ndama, na pengo hilo tuliliacha sisi siku ya mapumziko.

Sasa najua mtanijibu nini, kwa hiyo niyamalize.

Kuna atakayesema mbona Mara magari ya watalii yanaacha njia. Yanaacha, na gharama yake imepimwa. Utafiti wa duma wa Mara uliochapishwa 2018 ulikuta kwamba majike walio sehemu zenye watalii wengi walikuza wastani wa mtoto 0.2 kwa kila uzao, wakati wale wa sehemu zenye watalii wachache walikuza 2.3. Kwenye hifadhi za jamii zinazoizunguka Mara, familia za Wamaasai hukodisha ardhi yao kwa masharti, idadi ya wageni ina kikomo, na gari likiacha njia linaendeshwa na mtu wa pale anayejua pa kupita. Katika hifadhi za taifa zilizo chini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, hakuna mjadala: unakaa barabarani, hata hapa Nairobi.

Atatokea mwingine aseme Rhino Charge, yale mashindano ya magari ya porini. Vizuri, tuizungumze, maana naipenda. Mashindano yale yalianza 1989, na pesa zake ndizo zilizosaidia kujenga ua wa Aberdare, kama kilomita 400, uliokamilika 2009. Magari yanaacha njia kweli, na mengine yanapasuka vibaya. Lakini mshindi ni anayefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, eneo linafichwa hadi karibu na siku yenyewe ili watu wasiende kuchimbachimba mapema, na waandaaji wanakubaliana na jamii yenye ardhi kabla gurudumu halijagusa majani. Wewe una kipi kati ya hivyo? Una mstari kwenye simu.

Na wale watakaosema magari yote yafukuzwe mbugani, nao sikubaliani nao. Jamii nyingi za kule zinataka wageni. Olkiramatian na Shompole wametenga eneo la uhifadhi, mifugo inaingia na kutoka kwa msimu, na simba na pundamilia wanaishi humo humo. Pale Olkiramatian kuna kituo cha Lale'enok, mali ya kikundi cha kina mama. Pesa ya mgeni aliyebisha hodi inafika nyumbani kwa watu. Uamuzi wa nani aingie na apite wapi ni wao. Si wangu, si wako, na si wa mwenye stika.

Kwa hiyo sharti langu ni moja, na siku hizi siwashi gari bila hilo: gari la kwanza liwe limembeba mtu wa ardhi ile, ameketi mbele, na neno lake ni la mwisho. Si mtu mliyemuokota njiani mkampa pesa. Awe amepewa idhini na kamati au na familia yenye hati. Mpate hivi: nenda mwenyewe wiki moja kabla, gari moja, barabarani tu. Anza kwa chifu ujulishwe kwa watu, lakini usiishie kwake, chifu ni mtu wa serikali, ardhi si yake. Waulize skauti wa wanyamapori, hao wanajua kila korongo. Uliza sehemu gani imefungwa msimu huu, kwa sababu iliyofunguliwa mwaka jana inaweza kuwa olopololi mwaka huu. Ndiyo maana mstari wa mtu aliyepita zamani haukufai kitu. Ukilipa, dai risiti. Wakikuambia hapana, au mvua imenyesha mrudi baadaye, geuza gari. Wakikubali, magari yote manane yapite kwenye alama za la kwanza, na likizama mnalitoa kwa kurudi nyuma. Mtu asipanue njia.

Matairi? Yoyote mazima. Presha mnapunguza kwenye mchanga, lakini kwenye udongo mweusi uliolowa hakuna presha itakayokutoa. Na ukifika Ziwa Magadi usidanganywe na ule ukoko mweupe wa magadi kwamba ni sakafu. Chini yake kuna tope.

Mengine uliyouliza watakujibu wengine. Mimi nataka vitu viwili kutoka kwako leo: tuma hapa picha ya huo mstari ili wenye kuijua ile sehemu waseme unapita kwa nani, na utaje tarehe. Humu kuna wana wa kule kule, na nimeshamwandikia mmoja wao akae tayari kukuunganisha na kamati.