Kwa mnaoanza na makaratasi ya George Washington, mzee wa Mount Vernon

Nimepitia majedwali ya wadogo zangu wa mwaka wa kwanza wa uzamili, nikataka kucheka, kisha nikaghairi. Mmoja amechukua "Mer. 28" kutoka shajara ya mzee ya Desemba 1799, akaiweka kwenye grafu, na chini yake ameandika kwamba Virginia, yalipo makazi na mashamba ya Mount Vernon, ilikuwa na joto la wastani. Ndugu yangu, Mer. ni zebaki, na kipimajoto cha George Washington kilikuwa cha Fahrenheit. Hiyo 28 yako ni chini ya sifuri yetu ya Selsiasi. Tena mstari huohuo unataja theluji! Tarakimu umenakili, sentensi hukuisoma. Kosa hili nakutana nalo kila kundi jipya linapoingia, basi leo niyaandike yote, mwakani nisije nikapasuka koo.

1. Nyuzi za joto zibadilishwe ziwe za Selsiasi, lakini safu ya asili ibaki palepale ilipo. Do. si mtu, maana yake ni "kama hapo juu". Nimeshasoma aya nzima juu ya mgeni wa ajabu aitwaye Do. aliyefika Mount Vernon wiki nzima.

2. Jibu likichelewa, msikimbilie siasa. Kuna aliyeandika kwamba Washington alikuwa akiwadharau watu fulani kwa sababu hakuwajibu mapema. Someni barua yake kwa James McHenry, Waziri wa Vita, ya tarehe 29 Mei 1797, hata miezi mitatu haijatimia tangu aachie urais. Anaeleza siku yake nzima. Anaamka na jua, na mafundi wasipokuwa kazini saa hiyo anawatumia salamu za pole kwa maradhi yao (mzee huyu alikuwa na ulimi, msidanganywe na zile picha za noti). Anakula kifungua kinywa, anapanda farasi kuzungukia mashamba, anarudi kuvaa kwa chakula, na mezani anakuta nyuso ngeni zinazodai zimekuja kwa heshima yake. Anauliza kama neno udadisi lisingefaa zaidi. Jioni anaapa kwamba mishumaa ikiletwa ataketi mezani ajibu barua. Mishumaa inaletwa, amechoka, anasema kesho. Kesho inakuja na visingizio vilevile. Mbona tunamjua huyu mtu? Ni mimi, ni wewe, ni kila aliyewahi kuwa na deni la barua.

Na wageni msiwachukulie kirahisi. Julai mwaka huohuo alimwandikia Tobias Lear, aliyewahi kuwa katibu wake, kwamba, asipotokea mtu ghafla, yeye na mkewe watakula peke yao wawili, jambo ambalo anaamini halijatokea kwa miaka 20. Nyumba ya namna hiyo ndiyo mnayoidai majibu ya haraka.

3. Ulizeni barua ilibebwa na nani. Iliondoka nyumbani, ikafika posta ya Alexandria, na katikati yupo mtu aliyetumwa. Orodha ya watumwa wa Mount Vernon ya mwaka 1799 ina watu 317. Shajara inaandika upepo ulivuma kutoka wapi. Nani alitumwa kwenda posta ndani ya upepo huo, mara nyingi haiandiki.

4. Hili ndilo lililoniumiza, nivumilieni.

Sura ya tasnifu yangu niliyoipenda kuliko zote ilihusu siku za mwisho za mzee. Hoja yangu ilikuwa tamu: kwamba mstaafu huyu alijificha ndani ya hali ya hewa. Amechoshwa na siasa, dunia ameiacha, anachoandika ni upepo na zebaki. Ushahidi wangu mkuu ulikuwa tarehe 12 na 13 Desemba 1799. Tarehe 12 anaandika mawingu, upepo wa kaskazini mashariki, duara kubwa kuuzunguka mwezi usiku uliopita, theluji kuanzia kama saa nne asubuhi, halafu mvua ya mawe, halafu mvua ya baridi isiyokatika. Tarehe 13 theluji ya kina cha inchi tatu hivi, mchana ikakoma, jioni anga safi bila mawingu, Mer. 28 usiku. Hapo shajara inakwisha. Usiku wa tarehe 14 akafariki. Nikaandika, kwa raha zangu, kwamba zilikuwa siku mbili tulivu za mzee mwenye afya aliyekaa ndani akitazama theluji dirishani.

Hilo dirisha nililitunga mwenyewe.

Siku ya utetezi mtahini wa nje, mama mpole wa sauti ya chini, akaniuliza kama nimemsoma Lear, aliyekuwa na mzee siku hizo na kuziandika. Nikajibu ndiyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesoma muhtasari wa maelezo yake. Akanisomea polepole: tarehe 12 Washington alitoka kama saa nne kwenda kuzungukia mashamba, akarudi baada ya saa tisa alasiri, shingo imelowa, theluji imeganda kwenye nywele, akaketi kula bila kubadili nguo. Tarehe 13 koo linamuuma, na bado alasiri akatoka kwenda kuweka alama miti ya kukatwa. Jioni sauti imekauka. Lear alipomshauri atumie dawa, akakataa: mafua yalivyokuja ndivyo yatakavyokwenda. Katika shajara, neno koo halimo.

Ningeweza kujitetea kwamba Lear ni shahidi mmoja. Mama akafungua orodha yangu ya marejeo. Kumbe barua ya tarehe 13 kwa James Anderson, meneja wa mashamba, nilikuwa nimeinukuu mwenyewe, sura ya pili, nilipozungumzia mifugo! Ndani yake mzee anasema jana alikuwa ameshapanda farasi, na analalamikia zizi aliloliona jana hiyo kwenye shamba la Union, kwamba ng'ombe wakikaa humo wiki moja watakwisha wote. Maana yake tarehe 12, kwenye mvua ya mawe, alikuwa juu ya farasi akikagua mazizi. Kwangu ile ilikuwa barua ya ng'ombe, nikaiweka faili la ng'ombe.

Hata kule kuikimbia siasa hakukusalimika. Tarehe 12 hiyohiyo alimwandikia Alexander Hamilton, jenerali mwenzake jeshini, kuunga mkono kuanzishwa kwa chuo cha kijeshi. Na tangu Julai 1798 John Adams, rais aliyemfuata, alikuwa amemrudisha kuwa amiri wa jeshi, Marekani ikihofia vita na Ufaransa. Mstaafu gani huyo? Nikapewa marekebisho makubwa. Nikatoka nje, simu ya nyumbani ikaita, sikupokea.

Basi shajara ile ni ya mkulima. Anaandika kilicholigusa shamba lake, koo lake si shamba. Kila siku mnayoisoma, fungueni pamoja nayo barua alizoandika siku hiyo, alizopokea, na maelezo ya waliokuwa naye nyumbani, hata kama zinahusu ng'ombe.

5. Angalieni mwandiko, huenda si wake. Karani Albin Rawlins ndiye aliyekuwa akinakili barua, na kazi hiyo haikuwa imekwisha. Mzee akiwa kitandani, pumzi inakatika, alimwagiza Lear apange makaratasi ya kijeshi na afunge vitabu vya hesabu, Rawlins amalizie kunakili zilizobaki. Na nyie mnaniomba muda wa ziada kupanga mafaili.

6. Barua kati yake na mkewe Martha karibu zote hazipo, Martha alizichoma. Zilizosalia ni chache mno, msizijengee ghorofa la mapenzi.

7. Jared Sparks. Huyu alihariri barua za mzee katika miaka ya 1830, na alikuwa na adabu kupita kiasi. Washington aliandika kwamba kiasi fulani cha fedha ni kama kuumwa na kiroboto tu, Sparks akamfukuza kiroboto na kuweka maneno ya ofisini kwamba fedha hazitoshi. Jina la utani la Jenerali Putnam akalisafisha. Tena alikuwa akikata vipande vya hati halisi na kuwagawia waliotaka ukumbusho wa mwandiko wa Washington. Atakayeniletea nukuu ya Sparks bila kuilinganisha na hati yenyewe nitamrudishia sura yake bila kuisoma, na asije kunililia kwenye korido.