Re: Kijana wangu ni kwotabeki chuoni, ahame? DADA, USISAINI KITU

Dada, subiri kwanza. Nimesoma uzi wako nikiwa nimepaki lori kituo cha mafuta, chai imepoa mkononi. Kijana yuko mwaka wa pili chuo cha huku Marekani, anasoma uhandisi, ni kwotabeki, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi kwenye futiboli ya Kimarekani, amechoka benchi, kocha wa chuo kingine kampigia simu akasema "krediti zote zitaingia", na Jumatatu anaandika jina kwenye potali ya uhamisho, ile orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo. Hiyo sentensi ya krediti, yaani vipimo vya masomo uliyofaulu, naijua neno kwa neno. Ndiyo iliyomlia mwanangu msimu mzima na kozi aliyoipenda.

Kuingia na kuhesabika ni vitu viwili. Wangu alianza 2020, uhandisi wa mitambo, wastani wa alama 3.4, kwotabeki wa tatu kwenye orodha. Nafasi nyingine watu hupokezana, lakini kwotabeki anacheza mmoja. Namba tatu anaweza kumaliza chuo jezi yake bado inanukia sabuni. Desemba 2021 akaingia potali, Januari akahama na krediti 47. Chuo kipya kikazipokea zote 47. Nikashangilia kama siku Yanga kamfunga Simba.

Kumbe chuo chenyewe hakina uhandisi! Wakamweka kozi ya mawasiliano, wakachambua, wakakuta krediti 29 tu ndizo zenye mahali kwenye digrii ile. Kalkulasi, fizikia, statiki, zote zikabaki zinaelea kama mizigo iliyozidi kilo uwanja wa ndege: ni yako, lakini haipandi ndege.

Sasa kanuni ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, iliyotukuta ilisema hivi: ili acheze, anayeanza mwaka wa tatu awe amemaliza asilimia 40 ya digrii anayosoma hapo alipo. Mwaka wa nne 60, wa tano 80. Digrii ya krediti 120, asilimia 40 ni 48. Haya, hesabu nami. Alikuja na 29. Muhula wa Januari akapata 12. Kiangazi 6, ambazo nililipa mimi, safari za usiku za Oklahoma zinajua. Jumla 47.

Arobaini na saba, dada! Imepungua MOJA. Krediti moja ni kipindi kidogo cha maabara cha mara moja kwa wiki, kinachofundisha kupima maji kwenye chupa. Mimi niliyeshindwa hisabati darasa la saba nikawa napiga hesabu ile kwenye simu kila taa nyekundu, nikiamini kikokotoo ndicho kibovu.

Msimu wa 2022 alifanya mazoezi wiki nzima, Jumamosi anasimama pembeni kashika ubao. Dogo wa mwaka wa kwanza akapewa mpira, akashinda mechi mbili za mwanzo, habari ikaishia hapo. Na yule kocha aliyemwita wangu? Novemba alifukuzwa yeye na wenzake wote. Nikapiga simu, inaita tu. Mtu aliyekuwa ananitumia ujumbe alfajiri, "habari baba, familia hawajambo?", kajifunza Kiswahili cha kunilaghai! Sijui alidanganya makusudi au hakujua, na kwa mshahara ule yote mawili ni dhambi. Mimi nami sikuuliza. Mpira ninaoujua una magoli mawili na refa mmoja, nikaogopa kuonekana mshamba mbele ya wazungu wenye kofia.

Halafu umemtaja kwotabeki Joe Burrow, eti alihama aking'ara. Burrow aliondoka chuo cha Ohio State 2018 akiwa tayari na digrii, kaimaliza kwa miaka mitatu. Chuo cha LSU alikwenda kama mwanafunzi wa uzamili, hakuna wa kumhesabia krediti za digrii ya kwanza. Zile pasi 60 za tachidauni, yaani za kufunga, na tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo ya 2019 zilikuja baadaye. Kwotabeki mwingine, Russell Wilson, naye kamaliza chuo cha NC State 2010, ndipo 2011 akachezea chuo cha Wisconsin. Hao walihama na cheti. Wako anahama na gunia.

Na huyo anayekuambia uhandisi na ukwotabeki haviendani, muulize kwotabeki Joshua Dobbs alisoma nini chuo cha Tennessee. Uhandisi wa anga, na NFL, ligi ya kulipwa, akaingia 2017.

Kwa hiyo kabla ya Jumatatu nataka karatasi. Ya kocha sitaki, ya mshauri wa timu sitaki. Kijana atume nakala ya matokeo kwa ofisi ya msajili wa chuo kipya kama mwanafunzi mwingine yeyote, wamwandikie somo kwa somo: hili linajaza nafasi gani kwenye digrii gani. Wakisema "tutaona akishafika", kata simu. Kwanza huyo kocha hana ruhusa kumpigia kijana ambaye hajaingia potali, kwa hiyo ameshaanza kwa kuvunja kanuni. Na jina likishaingia humo, chuo cha sasa kinaweza kumkatia ufadhili muhula ukiisha. Karatasi kwanza, jina baadaye. Karatasi!

Wangu alimaliza Mei 2025, mawasiliano. Kitabu cha statiki bado kipo, kinazuia mlango wa gereji usijifunge.

Uliuliza pia pesa za jina na sura, zile mchezaji analipwa kwa matangazo, na viza, nitarudi, naitwa kushusha mzigo. Nitumie matokeo yake pembeni, ufute jina. Kikokotoo ninacho.