Barua kwa mwanangu: kompyuta sayansi au softwea enjiniaringi?

Marahaba mwanangu. Meseji yako niliiona usiku nikasema hii siijibu juu juu nikiwa nasinzia, ngoja nikuandikie barua uisome ukiwa umetulia. Umeuliza kwenye maombi ya chuo ujaze kompyuta sayansi au softwea enjiniaringi, na ukasema wenzio huko wanadai kompyuta sayansi ni hesabu tupu na softwea ndo yenye ajira. Jibu langu ninalo na nitakupa, ila kwanza nataka uone hizi kozi zinaachana wapi, mana ukichagua bila kujua hilo hata ukipatia umebahatisha tu.

La ajira tulimalize haraka. Fungua matangazo ya kazi, yawe ya serikali au ya makampuni, mara nyingi utakuta wameandika shahada ya kompyuta sayansi, softwea enjiniaringi, TEHAMA au fani inayofanana. Wamewaweka kapu moja. Na mimi hapa halmashauri nakaa na vijana waliosoma kozi tofauti tofauti, mfumo ukilala na watu wamejaa nje hakuna anayekuuliza cheti chako kinasomekaje, wanataka kujua unaweza kuuamsha au huwezi. Kwahiyo usichague kwa ajili ya hilo.

Sasa twende kwenye lenyewe. Unakumbuka msimu ule wa korosho ulipokuja likizo ukanisaidia pale AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wakati majina ya wakulima yanagoma? Wewe unajua inavyoenda: mkulima analeta korosho, zinapimwa, anapewa stakabadhi, mzigo unaenda ghala kuu, mnada unapita, alafu hela inaingia akaunti yake ya benki. Mzee mmoja kwenye daftari la chama kaandikwa Mohamedi, kitambulisho kinasema Mohamed, benki wanamjua kama Muhammad. Mnada umeshapita, korosho zake zimeshafika bandarini, hela imetumwa na imerudi. Na yeye sio peke yake, ilikuwa orodha ndefu, wazee kwa bibi wamekaa barazani tangu asubuhi na stakabadhi zimekunjwa kwenye vitambaa, na ada za shule za wajukuu zinasubiri hiyo hela.

Tatizo hilo moja lina pande mbili na hizo ndo kozi zako mbili.

Upande wa kwanza unauliza, kompyuta itajuaje kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja? Kulikuwa na mtaalamu wa Urusi aliyeitwa Vladimir Levenshtein, mwaka 1965 alitoa namna ya kupima umbali kati ya maneno mawili, unahesabu herufi ngapi lazima ziongezwe, zitolewe au zibadilishwe mpaka neno hili liwe lile. Hadija na Khadija umbali wake 1. Mohamedi na Muhammad umbali wake 4, kaa na kalamu uhesabu mwenyewe utaona. Sawa, lakini una wakulima 10,000, ukitaka kumlinganisha kila mmoja na kila mwenzie zinatoka jozi karibu milioni 50, na wakulima wakiwa 20,000 hazitoki milioni 100, zinatoka karibu milioni 200. Watu wameongezeka mara mbili, kazi imeongezeka mara nne. Anayekaa na hilo swali anatafuta njia ya kufika bila kupita kwenye jozi zote, na anataka aithibitishe kwa hesabu kwamba njia yake haitaruka mtu, huyo ndo wa kompyuta sayansi. Ni fani inayouliza kitu gani kinakokotoleka, kwa mda gani, kwa kumbukumbu kiasi gani, na kipi hakiwezekani kabisa. Alan Turing mwaka 1936, kabla hata hizi kompyuta tunazozijua hazijaundwa, alishaonyesha kwamba yapo maswali ambayo hakuna mashine itakayoyajibu milele. Mimi hilo mpaka leo linanisisimua.

Upande wa pili unaanzia hapo hapo. Salama na Salma umbali wao ni 1 tu, na ni wanawake wawili tofauti wa kijiji kimoja. Mashine ikiamua yenyewe imempa mmoja hela ya mwenzie, wakati Mohamedi na Muhammad wenye umbali wa 4 ni mzee yule yule mmoja. Kwahiyo nani athibitishe? Karani wa chama, benki, au mkulima mwenyewe kwa simu yake ya batani? Siku ya mizani netiweki ikikata, kumbukumbu zinakaa wapi mpaka irudi? Karani mpya wa msimu ujao ataelewa skrini hii bila kufundishwa wiki nzima? Na mwakani utaratibu wa malipo ukibadilika, nani ataurekebisha mfumo bila kuvunja vingine vilivyokuwa vinafanya kazi? Huo ndo uhandisi wa softwea, yani softwea enjiniaringi, kwenda kuuliza watu wanahitaji nini, kupanga mfumo, kugawa kazi kwa timu, kuujaribu kabla haujagusa hela ya mtu, alafu kuutunza miaka na miaka. Ule mfumo uliotusumbua ulikuwa unakokotoa vizuri tu, jumla zote zilikuwa sahihi, ila naona waliouunda walidhani kila mtu ana jina moja lenye tahajia moja.

Usidhani ni mambo ya huku kwetu korosho tu. Mwaka 1968 wataalamu walikutana Garmisch kule Ujerumani, mkutano uliodhaminiwa na NATO, kwa sababu programu zilikuwa zinachelewa, zinazidi bajeti na zinakufa njiani, na pale ndo hili jina la softwea enjiniaringi likashika. Mwaka 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilipotea haijamaliza hata dakika moja angani, na chanzo kilikuwa kipande cha programu kilichochukuliwa kwenye Ariane 4 ambako kilifanya kazi bila shida. Roketi mpya ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi, namba moja ikawa kubwa kuliko nafasi ya biti 16 (yani tarakimu 16 za 0 na 1) iliyotengewa, basi. Ile programu haikubadilika kitu, kilichobadilika ni mazingira yake na hakuna aliyeijaribu upya kwenye mazingira hayo.

Kuhusu hesabu, usizikimbie. Mwanzo wa kozi zote mbili unafanana sana, utasoma kuandika programu, miundo ya data, databesi, netiweki, mfumo endeshi, na hesabu za seti na mantiki utazikuta kote kote. Baadaye ndo zinaachana, wa sayansi wanaingia kwenye nadharia ya ukokotoaji, algoridhimu za juu (yani mbinu za hatua kwa hatua za kutatua tatizo), kompaila (programu inayotafsiri programu iwe lugha ya mashine), akili mnemba, na wa softwea wanaenda kwenye kuchambua mahitaji, usanifu wa mifumo, majaribio, ubora na usimamizi wa miradi. Wewe umesoma PCM, yani fizikia, kemia na hesabu, na ukafaulu, hesabu hazitakuua.

Na hii hofu kwamba saivi akili mnemba inaandika programu yenyewe kwahiyo kusoma hakuna maana, achana nayo. Inaandika, ndio, mimi mwenyewe naitumia kazini. Ila lazima awepo mtu wa kusema alichoandikiwa ni sahihi au sio sahihi, na ni sahihi kwa nani, na huyo lazima awe amesoma.

Sasa jibu lako. Mimi kwako naona softwea enjiniaringi. Siku ile majina yalipogoma wenzio walikimbilia kwenye laptopu, wewe ulichukua daftari ukatoka nje ukakaa na wale wazee, ukawauliza mmoja mmoja jina la babu, benki alifungua lini na nani alimjazia fomu, na wewe ndo uligundua kwamba wengi walijaziwa na wajukuu zao kwa tahajia za shuleni. Hakuna aliyekutuma. Mwenye moyo wa kompyuta sayansi angetaka kubaki na zile jozi milioni 50 mpaka usiku, na huyo nae tunamhitaji sana, lakini sio ulichokifanya wewe. Kama najua vibaya, yani kama moyoni unasikia zile jozi ndo zinakuita, niambie na tutaandika kompyuta sayansi bila ubishi.

Cha kufanya ni hiki. Kwa vyuo vyetu vingi kompyuta sayansi ni miaka 3 na zenye jina la uhandisi mara nyingi ni 4, hakikisha kwenye kitabu cha TCU, tume ya vyuo vikuu, mana mwaka mmoja wa ziada ni ada na mkopo wa kurudisha, ingawa ndani yake kuna mda zaidi wa fildi na miradi. Pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kwenye chuo chao cha CIVE, kozi zote mbili zipo, na UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kompyuta sayansi ipo Kijitonyama. Usiishie kwenye jina la kozi, tafuta orodha ya masomo ya kila mwaka usome, mana unaweza kukuta jina ni la softwea na ndani wamejaza masomo yale yale ya sayansi. Ukikosa softwea ukapata kompyuta sayansi, nenda, chukua masomo ya hiari ya usanifu na majaribio, fildi omba sehemu inayotengeneza mifumo ya watu.

Na maombi jaza mwenyewe, usimwachie kijana wa stesheneri akubofyie, hao wanabofya tu kozi wanayoijua wao. Jina lako liwe kama lilivyo kwenye cheti cha form four, herufi kwa herufi, na la benki hivyo hivyo kabla hujagusa fomu ya HESLB, bodi ya mikopo. Baba yako kashatenga hela ya maombi, niambie ukiwa tayari nikutumie. Shangazi yako msalimie sana.

Mama yako,
Mtwara