Kutoka Kisumu kwenda Nakuru: kazi ya uhudumu hutafutwa vipi?

SWALI: Nimekuwa mhudumu kwa miaka mitatu katika hoteli ya samaki kando ya ziwa, hapa Kisumu. Mume wangu amehamishiwa Nakuru kikazi nami nitamfuata mwezi ujao. Sikusomea mambo ya hoteli chuoni. Nilicho nacho ni uzoefu. Nitayarishe karatasi zipi, na nianzie wapi kutafuta? Pia naomba kujua kama ni halali mwenye hoteli kunikata mshahara mteja anapotoroka na bili, kwa maana jambo hilo limenipata zaidi ya mara moja. – Msomaji, Kisumu

JIBU: Dada, kukosa cheti cha chuo kusikutie hofu. Katika miaka ambayo nimesimamia wahudumu, wengi niliowaajiri walipatikana kwa kubisha hodi na kufanya jaribio la siku moja, wala si kwa barua ya maombi. Hata hivyo, msimamizi akikupenda leo atataka uanze kesho, na hapo ndipo asiye na karatasi huikosa nafasi.

Karatasi ya kwanza ni cheti cha afya cha wanaoshughulikia chakula, ambacho wenzetu wengi hukiita medikali tu. Hutolewa baada ya vipimo na hudumu miezi 6. Afisa wa afya ya umma anapokagua hoteli huuliza cheti cha kila mfanyakazi, na ndiyo sababu mwajiri makini hatakuruhusu kushika sahani bila hicho. Ikiwa chako kimebakiza wiki chache, kapimwe upya ukishafika Nakuru. Cheti cha polisi cha mwenendo mwema, kwa upande mwingine, kianze sasa hivi, kwa kuwa huchukua muda: huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa ada ya shilingi 1,050, kisha unapigwa alama za vidole katika Huduma Centre, nayo iko Kisumu na Nakuru pia. Ongeza kitambulisho, PIN ya KRA ya kodi, nambari ya NSSF ya akiba ya uzeeni na usajili wa SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024.

Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, na kazi yetu huko imegawanyika. Katikati ya jiji, kwenye Kenyatta Avenue na mitaa inayopakana nayo, ni chakula cha mchana cha haraka, ambapo mhudumu hupimwa kwa mwendo. Upande wa Milimani utapata hoteli tulivu zenye wageni wa kulala na mikutano, na huko huulizwa zaidi juu ya lugha na adabu ya mezani. Kando ya barabara kuu ya kwenda Eldoret kuna maeneo ya nyama choma yanayofurika wikendi. Mimi ningekushauri uanze na haya ya mwisho, kwa sababu ndiyo yanayokaribiana na kazi uliyoizoea. Nenda kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri, siku za Jumatatu hadi Alhamisi, wakati meza zimepungua, na umwulize mlinzi jina la msimamizi wa wahudumu kabla ya kuingia. Anayefika saa saba mchana akiwa na bahasha mkononi, hata awe hodari namna gani, ataonekana msumbufu. Usidharau kibarua pia: mashindano ya magari ya Safari Rally yanapofanyika Naivasha, katika kaunti hiyo hiyo, hoteli huongeza mikono, na vibarua waliofanya vizuri ndio hupigiwa simu nafasi ya kudumu inapotokea.

Siku ya jaribio utapewa meza mbili au tatu na kuangaliwa kwa mbali. Msimamizi hatazami sana unavyotabasamu, hutazama unavyotembea. Mhudumu anayepeleka oda jikoni na kurudi mikono mitupu, huku meza ya jirani imejaa sahani chafu na chupa tupu, amejieleza vya kutosha. Kunawisha mikono kwa maji ya vuguvugu na kukumbuka nani aliagiza ugali na nani chapati ni mambo unayoyajua tayari. Tofauti iko kwenye kipimo. Samaki mteja humchagua kwa macho na kukubali bei, lakini nyama huuzwa kwa kilo, tena kilo ya nyama mbichi, nayo hupungua motoni. Basi mwonyeshe mteja nyama kwenye mizani kabla haijaenda jikoni, na umwambie wazi kwamba uzito huo ni wa kabla ya kuchomwa. Ukinyamaza, ubishi utakungoja wakati ubao wa nyama unafika mezani.

Sasa suala la bili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inataja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya. Anaweza kukata kiasi cha kadiri kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kusudi la mfanyakazi. Anaweza pia kukata pesa zilizopungua kutokana na uzembe au udanganyifu, lakini kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Hata makato halali, yakijumlishwa, hayapaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Kwa hiyo mteja akipitia mlango wa nyuma wakati wewe uko jikoni, na mkataba wako haukukabidhi pesa, hakuna msingi wa kukukata. Ukikatwa, afisa wa kazi wa kaunti hupokea malalamiko ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba hoteli nyingi humfanya mhudumu kuwa keshia bila kuandika popote. Uliza mapema, kwa upole: bili inafungwa na nani, na mteja akitoroka inakuwaje? Jibu la kukwepakwepa litakufunza mengi kuhusu mahali hapo. Nawe jilinde: usikubali ujumbe wa M-Pesa unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja, ambao ni rahisi kughushi, bali ngoja malipo yathibitishwe kwenye simu ya till, yaani ya nambari ya malipo ya hoteli, iliyo kaunta.

Kazi ya miezi 3 au zaidi inapaswa kuwa na mkataba wa maandishi, muda wa majaribio usizidi miezi 6, na unastahili angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Ukipewa shifti ya usiku, uliza nani hulipia usafiri, kwa maana kurudi mitaa kama Kiamunyi au Free Area saa tano usiku si jambo la kubahatisha. Na yeyote atakayedai umtumie pesa za sare au za mafunzo kabla hujaliona jengo lenyewe, achana naye.

Kabla hujaondoka Kisumu, mwombe mwajiri wako barua inayotaja tarehe ulizofanya kazi, idadi ya meza ulizozihudumia kwa zamu moja na kama ulikuwa ukifunga bili, pamoja na nambari ya simu ambayo mtu ataipokea saa tisa alasiri, kwa sababu huo ndio wakati msimamizi wa Nakuru atakapoipiga.