Lakrosi Malindi: fundisha kushambulia na kulinda kwa pamoja

Timu nyingi changa za lakrosi, mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, hufanya mazoezi kwa foleni mbili. Huyu anarusha, yule anadaka, kisha wote wanarudi nyuma ya foleni kungoja zamu. Kwa wiki za mwanzo zoezi hilo linafaa, maana asiyeweza kudaka hana la kufanya uwanjani. Ila likiendelea msimu mzima, siku ya mechi utaona mchezaji mwenye mikono mizuri kabisa akisimama na mpira kwenye wavu wa fimbo yake, mlinzi anamjia, wenzake wanakimbia huku na huku, na yeye hajui ampe nani. Nimefundisha vijana hapa Malindi misimu kadhaa, na ushauri wangu kwa kocha mwenzangu ni huu: mara tu wanapoweza kudaka pasi ya kawaida, waingize kwenye mazoezi ya idadi isiyolingana, washambuliaji na walinzi humo humo.

Sisi tunacheza lakrosi ya watu sita, ile itakayochezwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028. Uwanja ni mita 70 kwa 36, kipa na wachezaji watano mbele yake, robo nne za dakika 8, na timu yenye mpira ina sekunde 30 tu za kupiga shuti. Umbo hilo linatufaa sana. Maji yakipwa, ufuo unabaki na ukanda wa mchanga mgumu unaotosha uwanja, na huhitaji kumwomba mtu ruhusa wala kupigania zamu na timu za soka.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni wanne kwa watatu. Washambuliaji wanne wanasimama kwenye pembe za mraba, wawili juu na wawili chini karibu na goli. Walinzi watatu wanapanga pembetatu: mmoja juu, huyo namwita ncha, na wawili chini. Kipa yuko golini. Kulia na kushoto ninakotaja hapa ni kwa mtu anayetazama goli.

Mpira unaanzia juu kulia. Ncha anatoka kumkabili mwenye mpira. Mpira ukipigwa kwenda juu kushoto, kila mlinzi mgeni humkimbilia aliyedaka, na hapo ndipo goli linapofungwa, kwa sababu mpira una kasi kuliko miguu. Ncha asiufuate. Anayepanda kumkabili aliyedaka ni mlinzi wa chini kushoto. Yule wa chini kulia anavuka mbele ya duara la kipa, lile linalozunguka goli, kumchukua mshambuliaji aliyeachwa, naye ncha anashuka mpaka chini kulia. Anayebaki huru ni aliyetoa pasi, na ndiye tunayetaka abaki huru, kwa kuwa yuko mbali na goli. Ulinzi wa namna hii ni kama kuvuta juya: wa upande huu akilegeza kamba, samaki wanatoka hata kama wa upande ule anavuta kwa nguvu zake zote.

Liendeshe kwanza kwa kutembea. Pasi moja, simama, kila mtu aangalie alipo. Kisha kwa mwendo wa mchakamchaka, halafu kasi kamili. Usione haya kurudi kwenye kutembea katikati ya msimu. Miguu husahau mapema kuliko tunavyodhani, hasa baada ya likizo ya shule.

Sasa, sauti. Hili nalisisitiza kuliko lolote, na kwetu lina ugumu wake. Mtoto wa Malindi amelelewa kuwa mdogo hampigii mkubwa kelele, kwa hiyo kijana wa kidato cha kwanza akiona kaka yake ameacha pengo, ananyamaza. Nimekaa nao chini nikawaambia wazi kwamba ndani ya mistari kumwita mtu kwa nguvu ni kumsaidia, wala hakuna anayevunjiwa heshima. Tukakubaliana maneno machache. Anayemkabili mwenye mpira anaita "Wangu!" Aliye tayari kumsaidia akipigwa chenga anaita "Nipo!" Anayeziba nafasi ya msaidizi anaita "Wa pili!" Kipa, ambaye anaona uwanja mzima, anataja mpira ulipo bila kupumzika: juu, kulia, kushoto, nyuma. Zoezi likiwa kimya nalisimamisha papo hapo, hata kama walinzi wameuzuia mpira vizuri. Upepo wa kusi ukivuma, sauti ya kawaida haifiki popote, na hilo limetusaidia kupata vijana wanaoita kutoka tumboni.

Zoezi jingine la walinzi: waambie waweke fimbo chini kabisa. Mlinzi mwenye fimbo hupenda kuupiga mpira kwa fimbo hiyo, anakosa, anapitwa. Akiwa mikono mitupu hana budi kusogeza miguu, kushuka kiuno na kumsukumia mshambuliaji pembeni, mbali na uso wa goli. Baada ya muda mfupi mrudishie fimbo yake utaona tofauti.

Washambuliaji nao wana somo lao kubwa, na linatokana na jambo ambalo wanasoka hawalijui: katika lakrosi nyuma ya goli ni uwanja pia. Vijana wetu karibu wote wametoka kwenye soka, na mstari wa goli wanauona kama ukuta. Basi naweka sharti katika watano kwa watano: hakuna shuti mpaka mpira upite nyuma ya goli. Mpira ukiwa kule, kipa anageuka na walinzi wote wanageuza shingo. Shingo ya mlinzi wako ikigeuka tu, kata kuelekea golini fimbo ikiwa juu, tayari kudaka. Anayekata asipopata pasi apitilize hadi upande wa pili, asisimame mbele ya duara akawabania wenzake. Duara lenyewe ni mwiko kwa mshambuliaji kulikanyaga.

Naongeza sharti la sekunde 3 za kukaa na mpira. Linawaudhi wenye chenga nyingi, lakini kwa muda wa sekunde 30 kwa shambulizi, timu inayomngojea mtu mmoja afanye maajabu haifiki mbali.

Kuhusu usalama sitazunguka. Mpira wa lakrosi ni raba ngumu ya karibu gramu 145 na unaweza kumvunja mtu meno. Kama hamna kofia ngumu za kukinga kichwa za kutosha, fanyeni mazoezi ya mashuti kwa mpira wa tenisi. Kipa asisimame golini bila kofia, kinga ya koo na kinga ya kifua, hata kwa dakika mbili za mzaha. Wasichana wetu wanafanya mazoezi haya haya, wengine na hijabu zao zilizobanwa vizuri, na mzazi akiwa na wasiwasi namweleza kuwa mabinti wa Kenya wa chini ya miaka 19 walishacheza mashindano ya dunia huko Peterborough, Kanada, mwaka 2019.

Muda wetu ni baada ya swala ya alasiri, jua likipoa, na lazima tumalize kabla ya magharibi. Mwezi wa Ramadhani tunatembea tu mipangilio ya ulinzi, bila mbio. Na angalia jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kuwaita watu.

Kuna siku wengi hawatokei, labda kuna mitihani au harusi mtaani. Usivunje mazoezi. Wanne kwa watatu na kipa ni watu wanane, na hao wanatosha kwa saa nzima. Kila shambulizi likiisha, aliyepiga shuti anageuka mlinzi hapo hapo, na mlinzi mmoja anapanda kushambulia. Akija wa tisa, mpe kazi ya kuhesabu sekunde kwa sauti.